Nyota Ziko Ndani ya Kle

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, na hata huo sikuumaliza, kwa sababu mwalimu alinichapa kwa kosa la mwenzangu nikaona nimeshajua ya kutosha kuhusu elimu. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe. Natengeneza mizani. Kama umewahi kununua maharage au misumari pale Quartier Asiatique, mtaa wetu wa maduka, ukapewa kilo iliyo kilo, mshukuru Mungu kwanza, halafu unishukuru mimi. Nyumba yangu ya Kinanira nimeijenga kwa mikono hii, na madirisha yake yote yana vioo.

Nasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba aliyekosea katika habari hii ni mjinga. Aliyekosea ni mimi, na mimi si mjinga.

Shule ya mjukuu wangu iko hukohuko Kinanira, mwendo mfupi juu ya kwangu. Binti huyo nimemlea tangu mama yake alipofariki, na sasa yuko section ya sayansi, mwaka wa katikati, ule ambao wanachuja. Mimi ni prezida wa komite ya wazazi. Walinichagua kwa sababu wazazi wenye diploma wanapenda sana kuchagua watu. Paa la shule likivuja, wao wanaandika barua. Mimi naleta bati.

Basi, katika mkutano mmoja, alisimama mwalimu wa fizikia. Alikuwa mpya, mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha kabla hajakosa. Wanafunzi wanamwita Madame, nami nitamwita hivyo.

"Wazazi, niko na habari nzuri," alisema. "Klasi yetu imekubaliwa. Tutapata données za kweli za nyota kutoka ng'ambo. Zilezile wanazotumia watafiti wakubwa."

Données. Mimi Kifaransa changu ni cha dukani, lakini kinanitosha. Donner ni kutoa. Donné ni kilichotolewa. Na kilichotolewa na watu wa ng'ambo, katika mji huu kila mtu anakijua sura: kinakuja ndani ya makartoni, kina bendera ubavuni, na lazima awepo mtu mzima wa kukipokea kabla hakijapungua njiani. Nyota nilidhani ni ile picha ya kwenye kartoni.

"Zitakuwa nyingi?" niliuliza, kama prezida anavyopaswa kuuliza.

"Nyingi sana, muzee! Hata sijui kama tutazimaliza mwaka huu."

Ukumbi wote ukachangamka. Makamu wangu katika komite, mama mmoja anayeleta samaki kutoka Kajaga, akanyoosha mkono. "Na sisi wazazi tutapata?"

"Kila mzazi anayetaka nitamuonyesha," Madame alisema, macho yamemjaa furaha.

"Kuonyeshwa na kupata ni vitu viwili," mama wa samaki alijibu, na watu wakapiga makofi.

Wiki ile nilifanya kazi. Nilitoa meza mbovu zote ndani ya stoo ya shule, nikapiga chokaa, nikaweka kufuli jipya lenye funguo mbili, moja yangu na moja ya direkta, ili kusiwe na maneno. Niliandika hata orodha ya watakaopata mwanzo: wajane, halafu wenye watoto wengi, halafu sisi wengine. Jina langu nililiweka mwisho kabisa. Mpaka leo najisifu kwa hilo, kwa vile katika jambo hili sina kingine cha kujisifia.

Siku ilipofika, Madame alimtuma mjukuu wangu na ujumbe. "Babu, Madame anasema données zimefika. Ziko ndani ya kle."

Kle ni ufunguo. Hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Nikaelewa kwamba mzigo uko kwenye depo fulani, na ufunguo wa depo ameshakabidhiwa. Nilimpigia simu mama wa samaki, akaja na pikapu yake inayonuka ndagala. Nilichukua wapagazi wanne wa Asiatique, watu wa mgongo mpana. Tukaingia uani mwa shule wakati wa mapumziko, wanafunzi wote wakitutazama, na mimi nimevaa koti.

Madame alitoka mbio. "Muzee! Mumekuja wote hawa? Mi sikujua munapenda sayansi namna hii!"

"Tupe kle," nilisema.

Akafungua kiganja. Palikuwa na kidude cha plastiki kama kidole gumba cha mtoto.

"Hii ni kle ya wapi?"

"Ya komputa, muzee. Wengine wanaiita flash."

"Na mzigo?"

"Umo ndani yake."

Nilikigeuza. Nilikitikisa karibu na sikio, Mungu anisamehe. Mama wa samaki alishuka kwenye pikapu, akaja, akakitazama kwa utulivu mkubwa, akasema: "Prezida, nipakie wapi? Mbele ao nyuma?"

Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja wao alikishika kidude kwa mikono miwili, akajifanya kimemlemea, akakibeba mpaka darasani huku akipiga kelele watu wampishe. Asiatique nzima ilijua kabla sijarudi dukani. Waliniita Prezida wa Kle, na wako wanaoniita hivyo mpaka sasa, hasa wale ambao mizani yao nilikataa kuitengeneza kwa haraka.

Sasa, baada ya kuaibishwa na kidude, nilitaka angalau kujua kimebeba nini. Mjukuu wangu alinieleza, na wala hakucheka, jambo ambalo lilinikera zaidi ya kicheko. Huko ng'ambo kuna mashine kubwa zinazopiga picha za nyota, na données kumbe ndizo picha hizo na vipimo vyake. Katika nyota hizo kuna moja yenye jina kama namba ya gari, herufi mbili na tarakimu nyingi. Nyota hiyo inaongezeka mwanga, inapungua, inaongezeka tena. Kazi ya klasi ilikuwa kuipima picha kwa picha na kusema inachukua siku ngapi mpaka irudie ilipoanzia.

"Na huko ng'ambo hawajui?" niliuliza. "Wana mashine yote hiyo, wanangoja nyinyi wa Kinanira?"

"Wanajua, Babu. Lakini hawajatuambia. Madame anasema tupime kama watu ambao hawajui."

"Hilo litakuwa jepesi," nilisema.

Komputa za shule zilikuwa tano. Tatu zilikuwa zimekufa, na mbili zilikuwa zinangoja umeme, na umeme wetu mnaujua tabia yake. Kwa hiyo Madame alizichapisha picha kwenye karatasi, kila mwanafunzi fungu lake la picha zilezile, zimepewa namba moja mpaka thelathini na mbili. Na alizigeuza rangi: anga jeupe, nyota nyeusi. Nilipouliza ni elimu gani hii ya nyota nyeusi zinazosomwa saa nne ya asubuhi jua likiwaka, niliambiwa kwamba kugeuza rangi kunaokoa wino. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu yule msichana.

Jumamosi mjukuu wangu alikuja nazo dukani kwangu, kwa sababu meza yangu ya kazi ni ndefu na iko sawa. Meza ya fundi mizani isipokuwa sawa, afunge duka. Alizipanga karatasi katikati ya mawe ya kilo na vikombe vya shaba, akainama na kalamu ya risasi. Mimi nilijifanya nina kazi.

"Unapima na nini?" nilishindwa kujizuia.

"Na macho. Hii yetu, na hizi majirani zake. Majirani hawabadiliki. Naangalia: yetu ni kubwa kuliko hii, ni ndogo kuliko ile. Iko katikati, lakini karibu na ile. Basi naipa namba, naandika."

Niliweka tupa chini. Ni kazi yangu hiyo! Jirani asiyebadilika ndiye jiwe langu la kilo. Ukiweka kitu kati ya jiwe la nusu na jiwe la kilo, unasema ni kizito kuliko hili, chepesi kuliko lile. Miaka yote hii nimekuwa nikifanya kazi ya watafiti wakubwa, na hakuna aliyeniletea barua.

"Na hao majirani, nani aliwapima wao?" nilimuuliza.

Alinyanyua kichwa. "Hilo swali Madame alituuliza, klasi nzima tukanyamaza."

Niliendelea kupiga tupa, lakini kwa madaha zaidi.

Alipofika karatasi ya kumi na saba nilicheka. Ilikuwa nyeupe yote, na wingu la kijivu kama mtu amefuta meza na kitambaa kichafu. Nyota hata moja.

"Eh, wamewapunja! Hii itupe."

"Apana, Babu, we acha. Siku hiyo kulikuwa na mawingu." Akaandika kwenye mstari wa kumi na saba: mawingu.

"Unaandika mawingu? Kwenye hesabu?"

"Nayo ni donnée."

Kwa hiyo hata wingu lilikuwa limetolewa msaada. Nikamwambia aiweke stoo, kule nilikopiga chokaa.

Jioni, kabla sijafunga duka, alikuwa amechora mstari wake wa kupanda na kushuka. Ulikuwa unayumba kama mtu anayetoka kwenye harusi. Chini akaandika: siku nne virgili tano, yaani nne na nusu, labda zaidi kidogo, labda chini kidogo. Mimi nilisema hiyo labda itamponza. Mteja hapendi fundi anayesema labda.

Na kweli ikamponza, ingawa si kwa namna niliyodhani.

Jumatano alirudi kutoka shuleni amenyamaza. Mjukuu wangu akinyamaza, sahani zinasikika. Nilimwacha aoshe mbili, ya tatu nikaichukua mkononi mwake nikamuuliza.

Direkta alikuwa amechukua makaratasi yote ya klasi ofisini kwake. Wale waliotuma picha walikuwa wanakuja kutembelea shule, na direkta alitaka matokeo yabandikwe ukutani kwenye karatasi ya rangi. Klasi yote ilikuwa imepata nne virgili ishirini na nane. Wote, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alipewa mpaka Ijumaa akosoe kazi yake. Asipokosoa, anapata sifuri, na kazi ile ilikuwa nusu ya pointi za fizikia. Na mwenye sifuri hapo anatoka section ya sayansi, anapelekwa langues, kwa wanaosoma lugha.

Sina ubaya na langues. Lakini binti huyu tangu ana miaka sita anafungua redio zangu.

"Madame anasema nini?"

"Madame ni mupya. Direkta akiongea, anaangalia viatu vyake."

Nilimpa ushauri wa busara. Naandika hapa jinsi ulivyotoka kinywani mwangu, maana nimesema sitajificha. "Badilisha," nilimwambia. "Tano weka ishirini na nane. Ni tarakimu tu. Nani atapanda huko juu kuhakikisha?"

Alikausha mikono yake polepole.

"Babu, mi nikuulize. Mutu akikuletea mizani, unamuuliza kwanza anataka kilo iwe ngapi?"

Alidhani anatania. Alikuwa hajui aligusa wapi. Nilimwambia akalale kidogo kabla ya masomo, ingawa ilikuwa saa kumi na moja ya jioni na hakuna aliyekuwa na usingizi.

Kwa sababu niliwahi kuuliza hivyo. Kabla hajazaliwa, wenye maduka wanane wa mtaa mmoja walinijia, mmoja mmoja, kila mmoja akidhani ni siri yake peke yake. Kila jiwe la mizani lina risasi kidogo iliyojazwa chini yake. Nilichokonoa risasi hiyo, kidogo tu, kwa mawe ya wote wanane. Kilo ikawa kilo ya heshima, yaani ya maneno. Nilikuwa fundi mzuri hata katika uovu. Nilipunguza yote sawasawa, unyoya kwa unyoya.

Na hicho ndicho kilichoniangusha. Mkaguzi wa vipimo alipita na sanduku lake. Alipima duka la kwanza, la pili, la tatu, halafu akaanza kucheka. "Mizani ikizeeka, kila moja inazeeka kivyake," alisema. "Hizi zimezeeka kama mapacha. Kuna mkono mmoja hapa." Mimi nilikuwa nimesimama pale na tupa mfukoni, nikamsaidia kushangaa. Aliyefungiwa duka ni mmoja, yule aliyekuwa hana mtu wa kumpigia simu. Wengine saba walipatana na dunia. Yule mmoja hakunitaja, na mimi sikujitaja.

Sijawahi kumwambia mtu. Marehemu mke wangu hakujua. Watu wa Asiatique wanasema mizani ya muzee yule haidanganyi, nami naitikia kwa kichwa.

Ijumaa nilivaa tena koti lilelile na nikapanda shuleni. Direkta alikuwa mezani, nyuma ya bendera ndogo na simu mbili. Madame alikuwa amesimama pembeni. Mjukuu wangu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, karatasi yake mapajani, haijabadilishwa hata nukta.

"Prezida wetu!" direkta alisema. "Karibu. Ni jambo dogo. Mutoto amekosea, anakosoa, tunaendelea."

"Umejuaje amekosea?"

Akanitazama kwa huruma ile wanayotupa sisi tusio na makaratasi. "Muzee, watoto thelathini na watano wamepata jibu moja. Mumoja amepata lingine. Hata bila kusoma, hiyo unaielewa."

"Bila kusoma naielewa vizuri sana," nilisema. "Lete niyaone."

Alinisukumia fungu zima. Nilitoa miwani. Siwezi kusoma fizikia, lakini naweza kusoma safu ya tarakimu kuliko yeye, maana nimeisoma maisha yangu yote. Nilifungua moja, nikafungua nyingine, nikafungua ya tatu. Tarakimu kwa tarakimu. Hata palipofutwa, pamefutwa mahali pamoja.

Hapo kulikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa ya kurudi nyumbani na heshima yangu. Nilimtazama yule binti kwenye ukingo wa kiti. Nikaanza kuongea. Nilisema yote, maduka manane, risasi, mkaguzi, yule mmoja aliyefungiwa. Nilisema bila kumtazama mjukuu wangu. Niliongea na ile bendera ndogo.

"Kwa hiyo nikiona vipimo thelathini na tano vinafanana namna hii," nilimaliza, "sioni watoto thelathini na watano. Naona mkono mmoja."

Direkta alisogeza simu moja karibu na ya pili.

"Muzee, pole kwa hayo," alisema. "Lakini hayo ni ya maharage. Huku tunaongea mambo ya nyota. Kwenye sayansi, kufanana ndiyo ukweli."

Nimetoa siri ya maisha yangu, nikaambiwa ni ya maharage! Ningekuwa na hasira kama nisingekumbuka ile karatasi chafu.

"Sawa," nilisema. "Basi nisomee mstari wa kumi na saba."

"Wa nini?"

"We nisomee, direkta. Mi macho yangu ni ya maharage."

Akasoma. Tatu virgili moja. Nikampa karatasi nyingine: tatu virgili moja. Nyingine: tatu virgili moja.

"Sasa tuangalie hiyo nyota yenyewe, picha ya kumi na saba."

Madame alishatoka kwenye kona. Alichukua fungu la picha, akalichambua, akaitoa, akaiweka mezani juu ya simu zote mbili. Nyeupe, na lile doa la kijivu. Direkta aliigeuza nyuma, akatafuta nyota upande wa pili.

"Yake inasemaje?" Madame aliuliza, ingawa alijua.

Mjukuu wangu alisoma kwa sauti ndogo. "Mawingu."

Yule msichana wa kuomba msamaha kabla ya kukosa alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yake halisi. "Direkta, nilijua tangu siku ya kwanza. Mumoja aliipata namba kwenye simu, akarudi nyuma akatunga vipimo vinavyoifikia, wengine wakakopi. Nilikuambia. Ulisema wageni wanapenda mambo safi."

"Sikumbuki," direkta alisema.

"Mimi nakumbuka," alijibu Madame, na hakuangalia viatu vyake.

Direkta ni mtu wa kazi yake, simlaumu sana. Alipiga hesabu ya haraka: wageni wakija na kukuta watoto wake wamepima mawingu mpaka desimali, nani atachekwa? Akatangaza kwamba yeye mwenyewe, kwa uangalizi wake, ameamua klasi yote irudie kazi kuanzia mwanzo. Mjukuu wangu atapimwa kwa alichopima. Tukashukuru uangalizi wake.

Tulishuka kilima pamoja, mimi na yeye. Nilingoja aseme. Tulipita duka la mkate, tukapita fundi cherehani. Karibu na geti letu akauliza: "Yule aliyefungiwa duka, bado yuko hai?"

"Yuko. Anauza chumvi na sabuni, kibanda kidogo nyuma ya mtaa uleule."

"Mizani yake nani anatengeneza?"

"Mimi."

"Anakulipa?"

"Hajawahi. Nilimwambia ni kwa sababu ya uzee wake."

Alifungua geti. "Kumbe unamulipa deni, na yeye hajui analipwa," alisema, akaingia ndani. Nilibaki nje kidogo. Jumatatu nilikwenda kwenye kile kibanda. Tuliyoongea na mzee yule ni ya kwangu na yake, ila nitasema tu kwamba hakunikaribisha kukaa.

Wiki iliyofuata Madame aliniita shuleni, nije na ufunguo. Mafungu mapya ya picha zilezile alikuwa ameyafungia ndani ya stoo yangu, ili yasikutane na simu za watu kabla ya wakati. Kwa hiyo niliifungua ile stoo mbele ya klasi nzima, kwa taratibu, kama prezida anayegawa msaada. Simu zote ziliingia humo, données zikatoka. Mama wa samaki angekuwepo angeniuliza nipakie wapi.

"Muzee, baki," Madame alisema. "Chukua na wewe fungu moja."

Nilikaa nyuma, kwenye dawati la watoto, magoti yamegonga mbao. Sijakaa darasani tangu ile fimbo. Nilipima kama ninavyopima, kubwa kuliko hii, ndogo kuliko ile. Kwenye kumi na saba niliandika mawingu, kwa herufi kubwa. Nilichora mstari wangu, Madame akanisaidia kuhesabu siku.

Aliandika majibu yote ubaoni. Palikuwa na nne, nne virgili mbili, nne virgili sita, nne virgili tatu, yametawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Ile nne virgili tano ya mjukuu wangu ilikuwa humo, si ya mbele si ya nyuma. Haikuwa hata bora. Madame alimpa kumi na tatu kwa ishirini, kwa vile mchoro wake ulikuwa mchafu, na kumi na tatu inatosha kubaki sayansi. Niliona anapumua.

Halafu ilikuja ya kwangu. Tano virgili moja. Ilikaa peke yake pembeni ya ubao, kama mgeni ambaye hakualikwa. Watoto walijikaza wasicheke, hawakuweza.

Mjukuu wangu aligeuka kutoka dawati la mbele. "Babu, yako iko mbali sana na za wengine. Madame anaweza kuifuta, we si wa klasi."

"Apana," nilisema. "Iache hivyohivyo."